JEMBE LANGU LILIUA VANILA

Mazungumzo ya mkulima mmoja wa Kagera na wakulima wenzake



Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa kuoza mizizi ya vanila. Ugonjwa huu umenipata mimi mwenyewe.

Vanila ni jamii ya maua yaitwayo okidi. Asili yake ni Meksiko. Mizizi yake haiendi chini sana. Inatambaa juu juu, chini ya majani yaliyooza. Mimi sikujua hilo. Nikapalilia kwa jembe, kama mahindi. Nilitaka shamba liwe jeupe, lisiwe na hata jani moja! Kumbe nakata mizizi.

Masika yakaja, maji yakatuama. Majani yakawa ya manjano. Shina likanywea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Lo! Nilikuwa naongeza ugonjwa. Ulikuwa mwaka wa tatu, naangojea maua ya kwanza. Sikupata hata ganda moja.

Je, ugonjwa huu unaletwa na nini? Si uchawi, wala si jicho la jirani. Unaletwa na ukungu. Mmekwisha kuona mahindi yaliyolowa yakiota ukungu, sivyo? Basi, huu ni wa jamii hiyo. Wataalamu wanauita fuzariamu. Unaishi udongoni miaka mingi. Unaingia kwenye mizizi, hasa yenye majeraha. Mizizi inakuwa ya kahawia, halafu inaoza. Mmea unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha.

Dawa yake ni nini? Mizizi ikishaoza yote, hakuna dawa ya kuiponya. Kwa hiyo tujikinge hivi:

1. Chukua marando kwenye mmea mzima tu.

2. Ukipanda, usifukie ncha iliyokatwa. Iache nje kidogo, isioze. Fukia vifundo vinavyofuata.

3. Karibu na shina palilia kwa mkono. Tandaza majani makavu.

4. Chimba mifereji, maji yasituame.

5. Punguza matawi ya miti ya kivuli ili upepo upite. Lakini usiyamalize, jua kali nalo linadhoofisha vanila.

6. Usichavushe maua yote. Najua kila ua ni fedha. Lakini mmea uliobebeshwa mzigo mzito unachoka, na ugonjwa unaupata upesi.

7. Mmea mgonjwa ung'oe, uuchome moto. Usiutupe kwenye shimo la mboji. Osha kisu na jembe. Usipande vanila tena mahali pale pale.

Ndugu zangu, mimi nimeanza upya upande wa pili wa shamba. Jembe sasa linakaa mbali na vanila. Kesho asubuhi, kila mmoja apite shambani kwake. Funua matandazo polepole, utazame mizizi. Ukiona ya kahawia, usingoje. Mwite bwana shamba mapema.

Haya, sasa niulizeni maswali.