Mama Ana Nini? Afya ya Mwanamke Baada ya Miaka 45



Kaka zangu na dada zangu, viongozi wa jumuiya waliponiomba nizungumze nanyi juu ya afya, nadhani walitaraji habari za futari: mafuta mengi, sukari nyingi, bhajia na kaimati. Hayo mmeyasikia kila mwaka na bado mnakula. Leo nataka tuzungumze habari za mama. Na nyinyi vijana wa kiume msiondoke, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mama ni wenu pia.

Hebu kumbuka daku ya leo. Nani aliyeamka wa kwanza? Pengine ulimkuta jikoni amevua mtandio, anajipepea kwa upindo wa kanga, jasho linamtiririka shingoni, na wewe uliyetoka kitandani unasikia baridi. Ukamuuliza, "Mama, una homa?" Akakujibu, "La mwanangu, ni joto tu." Mchana ukamwona ana hasira za karibu, kasahau alikoweka funguo, na kumbe usiku kucha hakulala. Wewe ukasema moyoni, mama siku hizi amekuwa mkali. Au ukasema uzee umeingia.

Mimi ni muuguzi, na nakwambia huenda si ukali wala si uzee. Mwanamke akishapita miaka 40, mayai katika ovari zake yanakaribia kwisha na homoni ya estrojeni inaanza kupungua. Haipungui kwa utaratibu. Inapanda na kushuka kama umeme wa mtaani kwetu, mpaka hedhi ikome. Tunahesabu imekoma pale inapopita miezi 12 mizima bila kuona damu. Na kazi ya estrojeni si uzazi peke yake. Inalinda mifupa, inagusa mishipa ya damu, njia ya mkojo, usingizi, hata ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Ndiyo sababu jasho linamtoka usiku wa baridi.

Sasa mtu atauliza, mbona hatukuambiwa? Manake hata wataalamu walichelewa kuuliza. Huko Marekani, mjini Baltimore, kulianzishwa mwaka 1958 utafiti mkubwa wa namna binadamu anavyozeeka. Kwa miaka 20 waliopimwa walikuwa wanaume watupu. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Kitabu cha utafiti huo kilichotoka 1984, kinachoeleza uzee wa kawaida wa binadamu, hakikuwa na takwimu za wanawake. Binadamu, ati!

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Utafiti mwingine wa huko huko Marekani, unaojulikana kwa jina la SWAN, uliwaandikisha wanawake 3,302 wa umri wa miaka 42 hadi 52 katika sehemu 7, zikiwemo Boston, Chicago na Los Angeles. Walikuwemo Weusi, Wazungu, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Hawakuulizwa mara moja wakaachwa. Waliitwa tena na tena kwa miaka mingi, wakipimwa damu na mifupa na kuulizwa wanalalaje.

Mwaka 2015 watafiti hao walitoa hesabu ya lile joto. Wengi wetu tulidhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili. Kumbe kwa wale wanaopatwa nalo mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake Weusi lilidumu zaidi ya wote, kiasi cha miaka 10. Mama zetu wa Afrika Mashariki hawakuwemo, kwa hivyo sisemi hesabu ni ile ile hapa kwetu. Lakini mama anayekwambia ni mwaka wa tano halali vizuri, usimwone mwenye kudeka.

Joto angalau analihisi. Mifupa haisemi. SWAN ilionyesha kwamba mfupa unapungua kwa kasi kuanzia kama mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho mpaka miaka 2 baadaye. Katika muda huo mfupi sehemu ya chini ya uti wa mgongo ilipoteza kama asilimia 7 ya uzito wake. Mama hana maumivu, anaendelea na shughuli zake, halafu siku moja anateleza chooni na nyonga imevunjika. Katika mwaka ule ule wa hedhi ya mwisho lehemu mbaya nayo hupanda kwenye damu, na hapo ndipo moyo na mishipa vinapoanza kuwa na wasiwasi. Kwa hivyo mama wa miaka 50 apimwe presha, sukari na lehemu hata kama hajisikii mgonjwa. Kama tayari anakunywa dawa, aende kwa daktari kabla ya Ramadhani apangiwe upya, asijipangie mwenyewe vidonge vya mchana kuvihamishia daku.

Chakula cha mifupa hakihitaji duka kubwa: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, sukuma wiki. Jua la asubuhi uani, mikono na uso wazi. Tafiti za Saudia na nchi za Ghuba zimekuta wanawake wengi wana upungufu wa vitamini D, na jua la huko mnalijua. Na atembee. Kwenda msikitini kwa miguu ni bora kuliko kupanda tuktuk.

Mtasikia pia kuna vidonge vya homoni. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliwapa wanawake 16,608, nusu homoni mbili pamoja, nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa Julai 2002. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka, kansa ya matiti iliwapata 8 zaidi, na kiharusi 8 zaidi, ingawa waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Dunia nzima ikashtuka, wanawake wakatupa vidonge. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63! Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au kabla ya miaka 10 kupita tangu hedhi ikome, hesabu ya faida na hatari ni nyingine. Dawa hii si sumu wala si peremende. Aulizwe daktari, si jirani.

Nimeliweka nyuma jambo linaloniuma zaidi. Ramadhani moja mama mmoja, aliyekaa miaka 3 bila hedhi, aliona damu. Akaacha kufunga, akamtuma binti yake kwa ustadhi aulize siku hizo atazilipa vipi. Ni swali zuri, na wenye elimu yake wana jawabu. Lakini swali la pili hakuna aliyeliuliza, si mama, si binti: damu hii imetoka wapi? Damu ikaja na kuondoka. Alipofika hospitali ilikuwa Mfunguo Sita, Maulidi yameshasomwa, na kansa ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeshatoka nje ya mfuko.

Msiogope kupita kiasi. Uchambuzi uliotoka 2018, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kati ya wanawake 100 wanaoona damu baada ya hedhi kukoma, kama 9 ndio wenye kansa hiyo. Lakini kati ya 100 walio nayo, kama 90 damu ndiyo iliyotangulia kuwaonya. Ikiwahiwa, mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Kwa hivyo hata tone moja, hata likitokea mara moja tu, kliniki wiki hiyo hiyo. Swali la ustadhi na swali la daktari yaende pamoja.

Naona tende zimeanza kupitishwa. Dada mwenye jambo asilotaka kuliuliza mbele ya wanaume, baada ya magharibi nitakuwa upande wa kina mama, kwenye jamvi la nyuma.