Chapati za Maji za Muhogo na Mabibo kwa Asubuhi ya Sikukuu



Asubuhi ya Idi, ya Krismasi au ya Mwaka Mpya, nyumba nyingi huamka na harufu ya mafuta ya moto. Chai ya maziwa iko tayari, maandazi yamepangwa kwenye sinia, chapati zimefunikwa kwa kitambaa zisipoe. Lakini katika baadhi ya nyumba yupo anayelitazama sinia hilo bila kunyoosha mkono, kwa kuwa ngano humdhuru. Mazungumzo haya yanamhusu huyo, na yanaihusu pia kila familia inayotaka kuanza sikukuu kwa chakula chenye afya zaidi kinachotokana na mazao ya shamba lake. Kiini chake ni kimoja: unga wa muhogo unaweza kushika nafasi ya ngano, mradi uwe umeandaliwa kwa subira. Kuacha ngano peke yake hakuleti afya.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kwa watu wengi haina madhara. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni huufanya mwili ushambulie ukuta wa utumbo wake wenyewe, na chakula hakifyonzwi ipasavyo. Dalili zake ni pamoja na kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, upungufu wa damu, na kwa watoto, kudumaa. Uhusiano wa maradhi hayo na ngano ulithibitishwa na daktari wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1950. Miongoni mwa mambo yaliyoimarisha hoja yake ni njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, ambapo mkate uliadimika nchini humo na watoto wenye maradhi hayo wakapata nafuu.

Hapa pana tahadhari ya kwanza. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta alama ambazo hupungua mtu akishaacha kula gluteni. Kwanza zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa ya hospitali ikihitajika, ndipo mabadiliko ya chakula yafuate.

Kwa bahati njema, mkazi wa uwanda wa Makonde na wa mabonde ya Masasi hana haja ya kuagiza unga wa bei kubwa kutoka mbali. Muhogo, mtama, uwele, ulezi, mahindi na mchele havina gluteni. Kitumbua cha mchele, kilichoandaliwa bila kuongezwa unga wa ngano, ni chakula cha sikukuu kinachomfaa mgonjwa wa siliaki tangu zamani, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Matofaa nayo, ambayo huuzwa ghali na husafirishwa kutoka nyanda za baridi, si ya lazima. Msimu wa korosho huleta mabibo mengi ambayo huishia kuoza chini ya mikorosho au kukamuliwa kwa ajili ya pombe. Bibo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa.

Tahadhari ya pili ndiyo kubwa. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali ambayo huzalisha sianidi, yaani sumu, pale mzizi unapopondwa au kusagwa. Sumu hiyo huondoka kama hewa, lakini inahitaji muda na maji ili itoke. Muhogo ukipondwa na kukaushwa haraka, maji hukauka kabla kazi haijakamilika, na unga hubaki na sumu ambayo jicho haliioni. Kupika unga mkavu wa namna hiyo hakutoshi kuiondoa.

Masasi inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1988, wakati wa uhaba wa chakula, watu wilayani humo waliugua ghafla baada ya kula unga wa muhogo mchungu uliotengenezwa kwa njia ya mkato iitwayo chinyanya: mizizi mibichi hupondwa, huanikwa kwa muda mfupi, hupondwa tena, na huliwa siku hiyo hiyo. Njaa haikuwapa nafasi ya kusubiri. Madhara ya namna hiyo huanza saa chache baada ya mlo, kwa kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kizunguzungu, na yanaweza kuua.

Yapo pia madhara ya kudumu. Ugonjwa wa konzo hupooza miguu ghafla, wala miguu hairejei hali yake ya awali. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, pale muhogo usioandaliwa vizuri unapoliwa kwa wiki nyingi bila maharage, samaki, mayai au nyama. Nchini Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa pia katika Mkoa wa Mtwara.

Krismasi na Mwaka Mpya huangukia wakati ambapo mvua zimeanza, jua ni la vipindi, na maghala ya baadhi ya kaya yamekaribia kuwa matupu. Huo ndio wakati ambapo haraka hushinda busara. Ukame nao huongeza sumu ndani ya mizizi. Kwa hiyo unga wa sikukuu haufai kuandaliwa siku ya mkesha. Muhogo umenywe, uloweke kwa takriban siku 3 hadi ulainike, uoshwe, uanikwe ukauke kabisa, ndipo usagwe.

Maji ya kulowekea ni mzigo katika vijiji vya juu Newala, ambako chemchemi ziko chini ya miteremko na maji hupandishwa kwa pampu. Kwa unga ambao tayari umesagwa, na mwenye nyumba hana hakika nao, ipo njia inayotumia maji machache. Ilibuniwa na Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, na imetumika Msumbiji, Kongo na kusini mwa Tanzania. Unga hutiwa kwenye beseni na alama huwekwa ndani ya beseni pale usawa wake ulipofika. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni usawa hushuka, kisha hupanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yametosha. Unga huo hutandazwa kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Unga ukibaki na unyevu, upikwe siku hiyo hiyo. Ukitakiwa kwa asubuhi inayofuata, uachwe juani hadi ukauke kabisa, kisha uchekechwe. Njia hii hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, lakini haichukui nafasi ya kuloweka muhogo mchungu sana. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo 1 ya unga.

Unga ukishakuwa salama, upishi wenyewe ni mwepesi. Kwa chapati kama 10 vinahitajika kikombe 1 cha unga wa muhogo, kikombe 1 cha unga wa mtama, mayai 2, mabibo 6 yaliyoiva, vijiko 3 vya korosho zilizobanguliwa na kusagwa, chumvi kidogo, iliki au mdalasini, na maji au maziwa kiasi cha kikombe 1.

Korosho huondolewa kwanza kwenye bibo, kwa uangalifu, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Mabibo huoshwa, hukatwa vipande na kuchemshwa kwa dakika 10 katika maji yenye chumvi kidogo ili ule ukakasi unaokaba koo upungue. Maji humwagwa, na vipande hupondwa hadi kuwa rojo. Mayai hupigwa, rojo huongezwa, kisha unga, korosho, viungo na maji kidogo kidogo, hadi mchanganyiko uwe kama uji mzito. Uachwe utulie kwa nusu saa, kwani unga wa mtama hunyonya maji taratibu.

Kikaango hupakwa mafuta kidogo tu, kwa moto wa wastani. Upawa mmoja hutandazwa, na chapati haigeuzwi hadi uso wake ukauke. Bila gluteni hakuna kinachovuta unga, hivyo chapati inayogeuzwa mapema hukatika. Mayai na rojo la bibo ndivyo vinavyoishikilia. Utamu wa bibo hutosha bila sukari ya kuongeza. Mabibo yakiwa yamekwisha, ndizi mbivu hufaa.

Kila kiungo kina sababu yake. Muhogo pekee ni wanga mtupu, wenye protini kidogo mno. Mtama, mayai na korosho huziba pengo hilo. Kwa kuwa kuchemsha hupoteza sehemu ya vitamini C, glasi ya maji ya mabibo mabichi yaliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo huirudisha mezani, na husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mtama.

Yabaki mambo matatu ya kuzingatia. Kwa mgonjwa wa siliaki, kikaango na mafuta yaliyokaangia maandazi havifai, na mashine iliyotoka kusaga ngano isafishwe kwanza. Kwa mwenye kisukari, kutokuwa na gluteni si kutokuwa na wanga: chapati 1 au 2 pamoja na yai hutosha. Na mtu ambaye korosho humletea vipele au kubanwa pumzi asipewe kabisa chakula hiki.

Afisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu aina za muhogo mtamu na mbegu bora. Afisa lishe wa halmashauri na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hueleza uandaaji wa unga na mchanganyiko wa vyakula. Anayetapika au kupata kizunguzungu baada ya kula muhogo afikishwe zahanati mara moja, na mtoto ambaye miguu yake imekakamaa ghafla asisubirishwe nyumbani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Siku 3 za kuloweka ni gharama ndogo kwa sinia ambalo kila aliyelizunguka, mwenye siliaki na asiye nayo, anaweza kula bila woga.