Kilomita Nne Tulizozitoa

Maneno yaliyosemwa kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam, kwa niaba ya waendesha baiskeli watano



Tumesimama hapa kwa niaba ya wale watano mliowaona mwezi wa Septemba wakiondoka mjini na baiskeli, mkawacheka, kisha mkawaahidi pesa. Tumepewa dakika chache za kutoa taarifa. Baadhi yetu kazi yetu ya kila siku ni hesabu, kwa hiyo mtatusamehe tukianza na safari na kuishia kwenye daftari.

Mnakumbuka makubaliano. Tulipotangaza kwamba tutakwenda nyumbani kwa baiskeli, zaidi ya kilomita 300, tuliomba ahadi kwa kila kilomita. Mzee mmoja akanyanyuka akasema: "Tambarare kila mtu anaendesha. Sisi tutawalipa kwa mlima." Mkapiga makofi, na ikawa hivyo. Chalinze, Segera, Korogwe, siku nne nzima za jua na malori, hizo zikawa za kwetu wenyewe. Za kulipwa ni zile kilomita 33 tu, kutoka Mombo hadi Lushoto mjini. Sharti likawa moja: wote watano au tusihesabu. Mtu akiuliza kuhusu kukokota, jibu lilikuwa kwamba kukokota kunahesabiwa, mradi miguu ni ya kwako.

Siku ya tano tuliondoka Mombo saa kumi na mbili asubuhi, tumekunywa chai na chapati, tumejaza maji kila chombo tulichokuwa nacho. Kila mmoja wenu ameipita barabara ile ndani ya basi, wengi mkiwa mmelala. Ndani ya basi ule mlima ni kona tu. Juu ya baiskeli ni kitu kingine. Ukiiacha barabara kuu ya Arusha, hupewi hata nafasi ya kuzoea. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde, na mbele yako ni kona ambayo ukiimaliza unaikuta nyingine. Mombo iko chini kule kwenye mpunga na mkonge, Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tofauti yake ni karibu mita 1,000, na tuliihisi yote kwenye magoti.

Kwenye gia ndogo kuliko zote tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayetoka shambani. Kuna mama alitupita kwa miguu, kichwani ana mzigo wa majani ya ng'ombe. Alitutazama akasema, "Poleni wanangu. Mna gari, mbona mnalisukuma?" Hatukuwa na pumzi ya kumjibu.

Saa nne hatujafika Soni. Hapo ndipo mwenzetu mmoja alipoanza kuendesha vibaya, mara kulia, mara kushoto, kuelekea upande wa bonde. Tulimwita, hakugeuka. Tulimkimbilia tukamshika kabla hajaanguka. Alikuwa ameacha kutoka jasho, ngozi ya moto, na alipoulizwa tuko wapi alisema tuko Kibaha. Ndugu zangu, pale hakuna aliyekumbuka kilomita.

Tulimlaza kwenye kivuli cha mwamba, tukammwagia maji ya kunywa yaliyobaki, tukampepea na kofia. Fuso lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka mboga mjini likasimama lenyewe. Dereva hakuuliza habari ya nauli. Tulimpandisha nyuma juu ya magunia, tukapandisha baiskeli zote tano, tukapanda na sisi. Akatufikisha Soni, karibu na soko. Tulimwomba atuambie mita ya gari inasema nini. Ilisema kilomita 4.

Pale Soni mama mwenye duka alituachia mkeka barazani, akatukorogea maji yenye sukari na chumvi, akawa anampa mgonjwa wetu kidogo kidogo kama mtoto. Baada ya saa moja aliuliza kwa nini tumekaa. Baada ya saa mbili alikula ndizi. Tukajua amerudi.

Hapo barazani ndipo lilipozuka jambo tunalotaka mlisikie.

Mmoja wetu alisema, na hatutasema nani, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kuliwaza: "Nani atajua? Dereva hata majina yetu hayajui. Tumeendesha siku nne bure. Kilomita 4 ni kitu gani?" Mwingine akasema basi tushuke tulipopakia, tupande upya. Lakini sharti ni wote watano, na kumrudisha mgonjwa kwenye jua lile isingekuwa kuheshimu ahadi, ingekuwa kumuua. Tulibishana kwa muda. Aliyetunyamazisha ni mgonjwa mwenyewe, bado amelala. Alisema: "Ziandikeni. Mabati yale mmeyasahau?"

Wenye umri wa kutosha hapa mnajua alichokisema. Miaka ya nyuma tulichangia mabati. Tulichangia kweli, wengine kwa mkopo. Mabati hayakuonekana, na taarifa hatukusomewa hadi leo. Hatujaja kumtaja mtu. Tunasema tu kwamba tangu siku ile, tukiwapigia simu watu wetu walio mjini, wengi wanauliza za watoto, wanauliza za mvua, na likija suala la mchango mtandao unakuwa mbaya. Hatuwalaumu. Nasi tulikuwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo tuliandika. Kwenye daftari la safari, kwa kalamu ya mwenye duka: "Mombo hadi Lushoto 33. Kwa Fuso 4. Zilizoendeshwa 29." Tukatia sahihi watano. Kisha tukaondoka Soni saa saba na nusu, taratibu, mwenzetu katikati, tukisimama kila penye kivuli. Kutoka pale mlima unakuwa na huruma kidogo. Tulipita mashamba ya kabeji na viazi, tukapewa mapeasi na watoto waliotaka kupiga kengele ya baiskeli. Saa kumi na moja kasoro tuliingia Lushoto, baridi imeshaanza kushuka, na hatukuwa na la kusema. Tulikaa chini.

Usiku ule mwenzetu alituambia kitu kingine. Alisema: "Mimi nilikuwa na Fuso, mchana, na watu wanne wa kunishika. Kila gari liliporuka nilikuwa nawaza wanaoshushwa usiku na bodaboda, uchungu umeshaanza." Hakuongeza neno. Kila mmoja wetu ana dada au shemeji aliyeteremka mlima namna hiyo.

Sasa daftari.

Watu 62 waliahidi. Jumla ya ahadi zenu ilikuwa shilingi 150,000 kwa kila kilomita ya mlima. Kwa kilomita 33 ingekuwa shilingi 4,950,000. Tunatoa kilomita 4, yaani shilingi 600,000. Zinabaki kilomita 29, shilingi 4,350,000. Hadi jana jioni waliolipa ni watu 41, na kiasi kilichoingia benki ni shilingi 2,900,000. Bado watu 21, shilingi 1,450,000. Majina hatusomi. Kila mtu anajijua, na daftari lipo pale mezani kwa anayetaka kujikumbusha.

Tumeulizwa na wenye nia njema: kwa nini msikae kimya, pesa si zinakwenda kwenye jambo zuri? Wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu imesimama kwenye lenta, inasubiri paa. Laki sita ni mabati. Ni kweli. Lakini sisi tunaoshika vitabu vya watu tunajua kwamba uongo wa laki sita haukai kwenye laki sita. Mwaka unaofuata unahitaji mwenzake. Na mwanachama akigundua kilomita 4 za uongo, atakuwa na haki ya kutilia shaka zile 29 za kweli.

Yule mzee aliyesema atalipa mlima tu tulimpigia simu tukamweleza. Akauliza, "Hizo nne mmezitoa?" Tukasema tumezitoa. Akakata simu. Kesho yake ikaingia pesa ya kilomita 29 kamili, hakuna shilingi iliyozidi. Tulifurahi kuliko kama angezidisha.

Ombi letu ni dogo. Mlioahidi, lipeni 29. Msilipe 33 kwa kutuonea huruma. Atakayetaka kuchangia zaidi achangie kwa jina lake na atapewa risiti yake. Mabati, mbao na misumari vitanunuliwa na watu watatu, sio mmoja, na nakala ya kila risiti itabandikwa kwenye mlango wa zahanati, mahali ambapo hata bibi anayesubiri dawa ataisoma au atasomewa.

Na zile 4 tunadaiwa. Mwakani, Mungu akipenda, tutarudi pale kwenye mwamba, wote watano, tuzipande hadi Soni. Mwenzetu ameshaanza mazoezi, na safari hii maji yake tutayabeba sisi.