Kongwa na Wafungwa wa Ukombozi



Tukizungumzia vyama vilivyoshika silaha kudai haki, hatuna haja ya kwenda mbali. Kongwa, mashariki ya Dodoma, ndipo Waingereza waliposhindwa kulima karanga kati ya 1947 na 1951. Tangu 1964 Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru makambi hapo: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengineo.

Hatuwahukumu kwa kushika silaha. Huko Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 waliokusanyika mikono mitupu kupinga sheria za pasi. Mwezi uliofuata ANC ikapigwa marufuku. Papa Paulo wa Sita mwenyewe, katika waraka wake wa 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alionya dhidi ya maasi, ila akatenga hali ya udhalimu wa wazi na wa muda mrefu.

Lakini ndani ya makambi je? Mwaka 1968 wapiganaji wachache wa SWAPO, waliorudi kutoka mafunzoni Uchina, waliwakosoa viongozi wao. Wakaishia kizuizini, humu nchini mwetu. Mwaka 1976 Andreas Shipanga na wenzake walikamatwa Zambia kwa kudai mkutano mkuu wa chama. Shauri lao lilipofikishwa mbele ya mahakama za Zambia, walisafirishwa hadi Tanzania, wakafungwa bila kushtakiwa hadi 1978. Tuseme wazi: ukarimu wetu, ambao kwa haki twajivunia, uligeuzwa kufuli.

Yaliyofuata Angola miaka ya 1980 yalikuwa mabaya zaidi. Huko Lubango SWAPO iliwafunga mamia ya wanachama wake katika mashimo ardhini, ikiwaita wapelelezi. Wengi hawakurudi. Viongozi wa makanisa walipata habari, wakanyamaza, wakihofia kuwapa Makaburu silaha ya maneno. Mchungaji Siegfried Groth, Mjerumani aliyewahudumia wakimbizi hao, alipoyaandika katika kitabu chake cha 1995 alishutumiwa vikali.

ANC nayo ilihojiwa juu ya makambi yake na Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ambayo taarifa yake ya 1998 iliyataja mateso hayo bila kuficha. Namibia haikuunda tume kama hiyo. Jamaa za waliotoweka Lubango wangali wanauliza watoto wao walizikwa wapi.