Nani Aliuliza Habari za Mtoto?

(Mazungumzo ya msomaji mmoja mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili, Endabash)



 Nimeombwa nieleze kidogo juu ya vitabu nilivyosoma. Mimi si mtaalamu wa fasihi. Ni mkulima wa mahindi na mbaazi, na husoma jioni baada ya kazi za shamba. Nitataja vitabu vitatu tu, kwa sababu vyote vimenirudisha kwenye jambo moja ambalo sisi wanakamati tunalijua, lakini hatuliandiki katika taarifa zetu.

Cha kwanza ni riwaya iitwayo Peponi. Aliiandika Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022. Inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka 12, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tajiri mmoja, Aziz, huja nyumbani kwao mara kwa mara. Ni muungwana, ananukia manukato, na kila akiondoka humpa mtoto sarafu ya anna kumi. Yusuf humwita mjomba. Siku moja wazazi wanamwambia atasafiri na mjomba kwa treni hadi pwani. Huko, kijana mwenzake wa dukani, Khalil, anamfungua macho: yule si mjomba wako. Baba yako anadaiwa, nawe umewekwa rehani.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyemfokea mtoto yule wala kumfunga kamba. Kila kitu kilifanyika kwa adabu na kwa jina la undugu.

Ndugu zangu, jambo hilo nimeliona hapa kwetu. Mwaka mmoja mvua zilikata mapema, mahindi yakakauka. Alifika mama mmoja kutoka mjini nyumbani kwa jirani yangu, ameleta kilo mbili za sukari na kitenge. Tukaambiwa ni shangazi. Binti wa nyumba ile alikuwa amemaliza darasa la saba. Tukaahidiwa kwamba atasaidia kazi za nyumbani, kisha atafundishwa ushonaji na kununuliwa cherehani. Mimi nilikuwepo. Nilikunywa chai yenye sukari ile, na sikuuliza ni shangazi wa upande gani. Baada ya miaka miwili binti alirudi bila mshahara na bila cherehani. Mpaka leo hataki kusimulia. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati.

Sisemi kwamba kila mtoto anayeondoka nyumbani anapotea. Kitabu cha pili kimenifundisha hivyo. Ni kumbukumbu za Rais wa awamu ya pili, marehemu Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, iliyotoka mwaka 2021. Naye aliondoka kwao Mkuranga angali mdogo, akapelekwa Zanzibar. Lakini alipelekwa kusoma dini, na huko huko akaingia shule ya Mangapwani. Safari zote mbili ni za mtoto kwenda mbali. Huyu alitumwa kutafuta elimu, Yusuf alitumwa kulipa deni la baba yake.

Cha tatu ni kumbukumbu za Wangari Maathai wa Kenya, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Nilikisoma kwa Kiingereza, polepole, kamusi ikiwa kando. Wengi wanamjua kwa miti, kwa Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mimi nilikaa sana kwenye ukurasa mdogo wa utoto wake. Kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona kwamba hakuna sababu ya kumzuia. Basi. Hapakuwa na mradi wala semina. Mtoto mmoja aliuliza, na mama alikuwa tayari kusikia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wajumbe wenzangu. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na chakula bado ni mzigo, hasa mvua zikikata. Mzigo huo ndio unaomleta "shangazi". Kila jumuiya ndogo ndogo iulize kwa upole: ni mtoto gani hayupo, yuko kwa nani, anasoma nini, na nani amemtembelea? Tukiona familia imebanwa na deni, tukae nayo kabla mgeni hajaleta sukari.

La pili ni kwa wafadhili wetu. Madawati na matangi ya maji mliyotupa tunayashukuru kwa moyo wote. Mnapotuuliza ni watoto wangapi wanasoma, tuulizeni pia habari za wale walioondoka. Tutaona haya kujibu, lakini swali hilo litatusaidia. Na mkiweza, mtuletee vitabu vya hadithi na vya maisha ya watu, hasa vya Kiswahili. Mzee asiyependa kuhubiriwa atakubali kusomewa habari za Yusuf, na akishazisikia atajitazama mwenyewe, kama nilivyojitazama mimi.

Binti yule wa jirani sasa ni mama wa mtoto wa kike. Mwaka atakaofikia kuanza darasa la kwanza, nimejiwekea nadhiri ya kwenda kuuliza.