Mswada na Toleo: Uhariri wa Video za Nyumbani na Hatima ya Fasihi Simulizi



Nilipoiwasilisha mada hii kwa mara ya kwanza, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa utani iwapo mhadhara wa Kiswahili wa mwaka huu utatolewa na fundi wa video za arusi. Nililichukua swali lake kwa uzito kuliko alivyokusudia. Fundi wa video za arusi, pamoja na kijana mwenye simu barazani kwa bibi yake, ndio wakusanyaji wakubwa wa Kiswahili cha kusemwa katika zama zetu. Wanakusanya kuliko idara yoyote ya chuo kikuu. Tatizo ni kwamba wanachokikusanya aghalabu hakitazamwi, na kinachotazamwa kimekwisha kukatwakatwa na mtu asiyejua alichokuwa anakikata. Nasema hivyo kwa sababu mtu huyo nimewahi kuwa mimi.

Mwaka 2003 nilikwenda Pangani na kamera ndogo ya MiniDV niliyoazima, nikamrekodi shangazi yake mama, ambaye sisi sote tulimwita Bibi. Alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili, wajukuu sita wamemzunguka, akasimulia ngano kwa dakika 52. Kanda moja ya aina ile ilichukua dakika 60, na kanda zilikuwa ghali. Niliporudi Dar es Salaam niliihamishia katika kompyuta. Saa moja ya picha za mfumo ule hula takriban gigabaiti 13, na diski kuu ya kompyuta yangu yote ilikuwa na gigabaiti 40. Nikafungua programu ya Windows Movie Maker, ambayo ilikuja bure pamoja na kompyuta, nikakesha siku tatu. Niliondoa kikohozi, nikaondoa jogoo, nikaondoa watoto waliokuwa wakiitikia wote kwa pamoja na kufunika sauti ya Bibi, nikaondoa kila mahali aliponyamaza. Nilibakiwa na dakika 11 safi kabisa. Nikazichoma katika sidii, nikagawa nakala kwa ndugu, nikafuta faili kubwa ili kupata nafasi. Wiki iliyofuata nilirekodi arusi ya binamu yangu juu ya kanda ileile.

Bibi alifariki mwaka 2006. Kwa miaka kadhaa nilizitumia zile dakika 11 darasani kama mfano wa utambaji, mpaka siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili akanyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, mbona ukili unaruka?” Tukarudisha nyuma. Kweli, katika tukio ambapo zimwi linabisha hodi, ukili ulioko mapajani mwa Bibi unarefuka kwa ghafla karibu shubiri nzima. Pale palikuwa na kitu. Huenda alinyamaza makusudi, mikono ikiendelea kusuka, watoto wakisubiri kwa hofu. Huenda mtoto mmoja aliuliza swali na Bibi akamjibu. Sikumbuki, na hakuna tena wa kumwuliza.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna maneno mawili ambayo yangeweza kuniokoa: mswada na toleo. Mtu anayehariri utenzi wa kale huwa na miswada mbele yake, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na aghalabu haikubaliani. Anachagua, anasahihisha, anapanga beti, kisha anatoa kitabu. Lakini hachomi mswada baada ya kitabu kutoka. Mkusanyo wa miswada wa J. W. T. Allen umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi leo, na asiyeridhika na uamuzi wa Allen katika kitabu chake cha Tendi cha mwaka 1971 anayo njia ya kurejea nyuma. Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mjini London mwaka 1870 hakuwa na chombo cha kunasa sauti, kwa hiyo tumepata maneno bila pumzi wala waitikiaji. Tunamsamehe. Mimi nilikuwa na chombo, nikafanya toleo, nikaangamiza mswada.

La kushangaza ni kwamba programu haikuwa na hatia. Yafaa tuelewe jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, maana wengi huziogopa bure. iMovie, Kdenlive, Shotcut, DaVinci Resolve, na hata ile ya kwangu ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2017, hazikati chochote katika faili la asili. Mnapoburuta mkasi juu ya picha, programu huandika maagizo tu: cheza kuanzia dakika ya 4 na sekunde 10 hadi dakika ya 6, kisha ruka hadi dakika ya 9. Maagizo hayo huhifadhiwa katika faili dogo la mradi. Lile la asili linabaki kama lilivyokuwa, mpaka mwenyewe alifute kwa mkono wake. Kwa hiyo mhariri wa nyumbani anaweza kuwa mkali kama apendavyo katika kukata, ilimradi mswada wake umehifadhiwa mahali pawili, na kimojawapo kisiwe simu ile ile aliyorekodia.

Hapo mtauliza: kama ndivyo, kwa nini tusihifadhi yote na kuacha kuhariri? Kwa sababu hakuna atakayetazama. Kila nyumba ya pwani ina kabati lenye kanda za VHS za saa tatu za arusi, na kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kanda zinaoza huku zikisubiri mtu mwenye subira. Simu zimeongeza wingi tu. Video ya kawaida ya simu hula kati ya megabaiti 60 na 130 kwa dakika, kutegemea jinsi inavyobanwa. Simu ikijaa, kinachofutwa kwanza ni kile kirefu kisicho na jina. Hadithi ya bibi hufutwa kabla ya picha ya keki.

Kwa hiyo hapana budi tuhariri, na tuhariri kwa haraka. Haraka hiyo haitoki katika kompyuta bali katika mpango. Jioni ya kabla ya kurekodi, kaa na karatasi moja uandike unachokwenda kukitafuta: ngano gani, nani ataitikia, saa ngapi. Saa ni jambo kubwa kwetu. Ukianza saa kumi na moja jioni utaingiliana na adhana ya magharibi, na mtambaji atakatiza ngano akatawadhe, jambo ambalo ni haki yake. Simu iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, hata kinu kilichopinduliwa. Sauti ndiyo mali. Picha ikiwa na giza hadithi bado inasikika, lakini sauti ikimezwa na feni hakuna kilichobaki. Zima feni. Kisha, kabla ya mtu yeyote kusema neno, rekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba kile. Ukimya wa ukumbi wa Pangani si sawa na ukimya wa chumba cha Kariakoo, na siku ya kuhariri utauhitaji kuziba mahali ulipokata, sikio lisigutuke.

Mwanzoni mwa kila kipande taja kwa sauti tarehe, mahali, jina la msimulizi na asili yake. Majina ya mafaili hubadilika na kupotea, lakini sauti iliyomo ndani haiwezi kutengana na picha.

Sasa lile ambalo wengi hulikimbia, nalo ndilo linalookoa muda kuliko yote: daftari la dakika. Kabla ya kufungua programu, tazama rekodi yote mara moja, bila kukata, kalamu mkononi. Andika dakika, nani anasema, nini kinatokea. “14:20, watoto wanacheka, Bibi anaacha kusuka.” “14:31, anaendelea.” Kwa uzoefu wangu saa moja ya rekodi hutaka saa mbili za daftari, na watu hunung’unika. Lakini zile siku tatu nilizokesha mwaka 2003 nilizitumia kurudi nyuma na kwenda mbele nikitafuta mahali nilipokwisha kupaona. Mwenye daftari hukaa mbele ya kompyuta jioni moja tu. Tena daftari lile ni zao la kitaaluma kwa nafsi yake: wanafunzi wangu wawili wameandika tasnifu zao kutokana na madaftari, si kutokana na filamu.

Kwenye kukata kwenyewe nitakuwa mfupi. Panga kwanza vipande vyote virefu kwa mfuatano, utazame umbo la jumla, ndipo upunguze. Kompyuta ikiwa dhaifu, iamuru programu itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Kdenlive na Resolve hufanya hivyo, na mwishoni hurejea wenyewe kwenye faili la asili. Unapotaka kuficha mkato, weka juu yake picha ya mikono au ya nyuso za wasikilizaji, na uiache sauti iendelee. Na usiguse ukimya kabla ya kujiuliza ni wa nani. Kuna ukimya wa mtambaji aliyesahau, na upo ukimya wa mtambaji anayewashika wasikilizaji kooni. Programu inaonyesha vyote viwili kama mstari mmoja ulionyooka. Kuvitofautisha ni kazi ya anayejua lugha na desturi, na hapo ndipo idara kama hii yetu ina la kumfundisha yule fundi wa arusi. Vivyo hivyo kwa kiitikio. “Paukwa” bila “Pakawa” ya watoto ni mlango uliobishwa hodi pasi na mwenyeji.

Liko pia suala la ruhusa. Rekodi za singo na za shughuli nyingine za wanawake peke yao zimo katika simu nyingi, na zinasambazwa kwa kubonyeza mara moja. Mwulize msimulizi mbele ya kamera ni nani aruhusiwe kutazama, na jibu lake liingie katika mswada. Toleo la familia na toleo la darasa si lazima yawe mamoja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba taa zizimwe. Nitawaonyesha zile dakika 11 zilizobaki za Pangani. Pale ukili unaporuka nitasimamisha, na ningependa wale mliolelewa na watambaji mniambie mnadhani palikuwa na nini.