Mazungumzo ya Chuo Kikuu na Mfanya Kazi Aliyehamishwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Nyeri)



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kamati ya tawi inataka wafanya kazi waende Chuo Kikuu kusikiliza mazungumzo juu ya haki za binadamu, watu wanaohama makwao, na misiba inayowapata raia wakati wa vita na fujo. Ndugu mmoja alisema wazi kwamba hayo ni maneno ya wenye digrii, na yetu sisi ni mshahara. Twamjibu leo, wala hatumjibu kwa hasira, maana swali lake ni la haki.

Mambo hayo hayakuanzia vitabuni. Siku ya Jumamosi, 24 Aprili 1954, askari wa Serikali ya kikoloni walizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, ndiyo fuawe ya mhunzi. Makarani, wapishi, watu wa reli na wachuuzi, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikusanywa na kuchambuliwa kama maharagwe. Zaidi ya 20,000 walifungwa bila kufikishwa mbele ya hakimu, na viongozi wa vyama vya wafanya kazi walikuwa miongoni mwao. Wake na watoto walipakiwa wakarudishwa huku milimani. Asubuhi mtu ana kazi na chumba. Jioni hana kazi, hana chumba, na hajui mkewe amepelekwa wapi.

Huku nako hawakukuta raha. Kuanzia Juni mwaka ule ule watu waliamriwa kubomoa nyumba zao na kujenga vijiji chini ya ulinzi wa askari. Katika muda wa miezi kumi na mitano hivi, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Njaa na maradhi viliwaua watoto wengi. Kando ya msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la maili 50 hivi, kwa kazi ya lazima, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Sisi tunaobishana na waajiri kila mwaka juu ya bei ya kibarua twaweza kukisia hesabu ya deni hilo. Na Uingereza ilikuwa imetia sahihi tangu 1931 Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi la Dunia, unaopinga kazi ya kulazimishwa. Karatasi ilikuwako, aliyekosekana ni wa kuishika mkononi na kuisoma kwa sauti mbele ya wakubwa.

Hata mauaji ya Hola yalitokana na kazi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa walipigwa, na 11 wakafa. Tangazo la kwanza la Serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji.

Sasa tuje kwenye Chuo Kikuu. Mwaka 1954 Kenya haikuwa na hata kimoja. Tom Mboya, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alipopata nafasi ya kusoma, alikwenda Uingereza mwaka 1955, katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, kilichoanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Hakwenda kunyamaza. Mwaka 1956 alitoa kijitabu juu ya shida ya Kenya, na Margery Perham, mwalimu mwenye jina kubwa pale Oxford, akakiandikia utangulizi. Basi aliyepeleka habari za wafungwa wetu mezani pa wataalamu alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi. Tusikubali kuambiwa kwamba meza hiyo si yetu.

Leo vyuo vimejaa kuuzunguka Mlima: Nyeri, Karatina, Chuka, Meru, Embu. Kile cha Nyeri kina jina la Dedan Kimathi, aliyekamatwa na kuhukumiwa katika wilaya hii hii mwaka 1956, akanyongwa 18 Februari 1957. Itakuwa ajabu kubwa kama katika chuo chenye jina hilo habari ya watu waliohamishwa itazungumzwa na wageni peke yao, na mfagiaji wa ukumbi asubiri nje hadi wamalize.

Ndugu aliyeuliza faida, na asikilize hesabu hii. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki Serikali ya Uingereza huko London. Mmoja wao alikuwa amenusurika Hola. Walimu wa vyuo vikuu walisimama upande wao kama mashahidi, kina Caroline Elkins wa Harvard na David Anderson wa Oxford, waliokuwa wamechimba makaratasi miaka mingi. Mwaka 2011 Serikali ile ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park masanduku 300 hivi ya majalada yaliyochukuliwa Kenya wakati wa Uhuru. Tarehe 6 Juni 2013 ilitangaza kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Mzee bila makaratasi angeitwa mwongo. Makaratasi bila mzee yangebaki vumbi.

Lakini kuna upande wa pili. Watu zaidi ya 40,000 walifungua kesi nyingine, nayo ikaanguka mwaka 2018 kwa sababu muda mrefu mno ulikuwa umepita na ushahidi umepotea. Hilo ndilo linaloitia kamati wasiwasi, kwa maana msiba haukuisha na wazee wale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Waliokuja miji yetu, wengi hawakukaa kambini. Walipanga vyumba au waliingia kwa jamaa, na kwa kuwa hawakuonekana chini ya turubai, wengi hawakuhesabiwa, na fedha za msaada zikawapita. Sheria ya wakimbizi wa ndani ilipitishwa 2012, lakini sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake. Na binti zetu waliokwenda Saudia walikuwa wamefungwa kwa mwajiri mmoja mmoja. Mageuzi ya huko ya mwaka 2021 yaliwaacha nje wafanya kazi wa nyumbani.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Tutakwenda mazungumzoni kama chama, na tutaomba yafanyike siku ambayo watu hawako kazini, kwa lugha ambayo mama wa majani chai anaifahamu. Kila mwenye mzee aliyekaa kambini au kijijini wakati wa Hali ya Hatari, mwenye kupoteza shamba mwaka 2008, au mwenye binti Ughaibuni, amwone karani wa tawi ili maneno yaandikwe, yasomwe kwa msemaji mwenyewe, na atie sahihi au kidole. Leteni vitabu vya pasi, barua, risiti na mikataba. Karani atatoa nakala hapo hapo mbele yenu. Karatasi ya asili asiachiwe mtu yeyote, hata akiwa profesa. Rudini nayo nyumbani.